ACHENI KUKATA SPRINGI! (Mama yangu alitembea kwa miguu)

Jumanne, saa 5 na nusu usiku.

Wadau, mwangaluka! Najua, najua, Wasukuma wenzangu mtaniambia saa hizi tunasema mwadila, lakini kwangu bado asubuhi maana sijalala na silali leo. Nimekuwa kimya wiki mbili, test zilikuwa zimenibana. Leo nimerudi na hasira. Nilikuwa nimepanga kuandika habari za boom na chakula cha kafteria, nimeahirisha. Boom litakuwepo tu. Hili la leo likikaa moyoni litanipa vidonda vya tumbo.

Iko hivi. Jana jioni pale nje ya hosteli, kwenye kile kibanda cha chipsi, kulikuwa na baraza la wanaume sita wanajadili gari. Mmoja wao, mtu wa Kahama, jina naliacha, ana kaka yake kanunua Mark II GX100. Anaonyesha picha kwenye simu. Gari nyeusi, rimu kubwa, imelala chini kama paka anayewinda panya. Wote wanapiga makofi. Sasa wanashauriana: jamaa mwingine ana Chaser ya baba yake na anataka kuifanya hivyo hivyo likizo hii. Ushauri anaopewa ni huu: "Peleka kwa fundi, akate springi mzunguko mmoja na nusu, dakika 40 umemaliza, hela ya soda tu."

Nikashindwa kujizuia. Nikasema, "Jamani, msimkatishe springi huyo, mtamuua." Wakacheka. Mmoja akaniambia, "Dada ticha, wewe kafundishe vitoto vyako, mambo ya springi waachie wenye gereji."

Sawa. Dada ticha kanyamaza, kala chipsi zake, karudi chumbani. Na sasa dada ticha anaandika. Kwa taarifa yenu nasoma ualimu wa fizikia na hisabati, na springi ni mambo yangu kuliko ya fundi mwenye grenda. Lakini si fizikia iliyonitia hasira. Kilichonitia hasira ni mama.

KISA CHENYEWE

Kaka yangu yuko Katoro, Geita. Alianza kuchimba Nyarugusu akiwa kijana mdogo, akazunguka Mgusu na Rwamgasa, miaka mingi anakula vumbi na hasara. Wenye ndugu machimboni mnajua maisha hayo: leo mnachangiana hela ya unga, kesho duara linatema. Basi mwaka 2024 duara lao likatema. Sio utajiri wa kutisha, lakini kwa kwetu ilikuwa sherehe. Akamwezekea mama bati mpya, akanilipia deni la ada lililobaki, na akanunua gari ya ndoto yake: Chaser GX100, nyeupe.

Wasiojua niwaeleze kidogo. Wamarekani wana gari zao za misuli, Mustang ya 1964, Camaro, Charger, injini kubwa mbele na nguvu nyuma. Sisi huku Kanda ya Ziwa gari yetu ya misuli ni hii familia ya Mark II, Chaser na Cresta. Silinda 6 zimepangwa mstari mmoja, tairi za nyuma ndizo zinazosukuma, sauti ya kiume. GX100 zilianza kutoka kiwandani 1996 na zikaisha 2001 hivi. Injini ya GX100 ni cc 2000 tu, lakini binamu yake JZX100 mwenye turbo alitoka na nguvu farasi 280, na kila mwenye GX100 moyoni anajiona ana JZX. Simlaumu. Hata mimi naipenda. Siku kaka alipofika nayo nyumbani nilizunguka nayo kijiji kizima nikiwa nimekaa mbele, kioo chini, mkono nje.

Gari ilikuwa inatembea kama maji. Toyota waliipa kila tairi mikono miwili, wa juu na wa chini, mbele na nyuma, ndio maana zile gari zina ule ulaini ambao mkipita rasta mnaendelea kupiga stori.

Kaka akarudi nayo Katoro. Huko marafiki wakamwambia gari "imesimama kama mbuzi". Akaenda gereji moja, sitaitaja, fundi akakata springi zote 4 kwa grenda. Akafunga rimu za inchi 18 na tairi nyembamba kama kanda ya redio. Akanitumia picha. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu "kaka imekubali!!!"

Desemba 2025 mama akafanyiwa operesheni ya mgongo Mwanza. Siku ya kuruhusiwa kaka akasema hakuna mama yangu kupanda basi, nakuja mwenyewe. Akatoka Katoro alfajiri, akapita Geita, Sengerema, akavuka lile daraja jipya la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, kilomita kama 3 juu ya maji. Wakati wa kivuko watu tulikuwa tunapanga foleni masaa, siku hizi ni dakika chache tu. Akafika hospitali amevaa shati jeupe. Tukamlaza mama siti ya nyuma, mto mgongoni, mto mwingine chini ya magoti, kama daktari alivyoelekeza.

Lami ya Mwanza–Shinyanga tulianza vizuri. Halafu matuta. Mnajua barabara ile, kila kijiji kina matuta yake, Usagara, Misungwi, Mabuki na kuendelea. Kila tuta gari inagonga chini, KHAA! Na kila ikigonga mama anasema "mayu wee" kwa sauti ndogo. Hakulia. Mama yangu halii. Ile sauti ndogo ndiyo iliyokuwa mbaya.

Kaka akapunguza mwendo mpaka kila tuta tunalipanda kwa ubavu, tairi moja moja, malori yanatupigia honi nyuma. Safari ya masaa mawili na nusu ikawa masaa matano.

Tulipoacha lami ndio mwisho wa stori. Kutoka barabara kuu mpaka kwetu ni kilomita 14 za vumbi na udongo mweusi wa mbuga, ule ambao masika unakuwa gundi na kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mguu. Na mvua ilikuwa imenyesha wiki ile kisha jua likawaka, kwa hiyo njia za matairi ya matrekta zilikuwa zimekauka kama zege. Chaser haikupita hata kilomita 2. Tumbo linakwangua, sampu inagonga, mama anashika kichwa cha siti kwa mikono miwili.

Akasema, "Baba, simamisha." Anamwita kaka baba, kwa kuwa ana jina la babu yetu. "Simamisha nishuke."

Akashuka. Akafunga kitenge vizuri kiunoni juu ya bandeji. Akaanza kutembea. Mimi nimemshika mkono wa kulia, na mbele yetu ile gari nyeupe nzuri inatambaa tupu, inang'aa, rimu zinawaka jua, na dereva wake analia. Nilimwona kwenye kioo. Mtu mzima, mchimbaji, amefukiwa na kifusi akatoka hai, analia.

Tulitembea karibu kilomita 3 mpaka mzee mmoja jirani akatukuta na mkokoteni wa ng'ombe. Akatandika majani. Mama alifika nyumbani kwenye mkokoteni, na akasema ule mkokoteni ulikuwa na nafuu.

Ndio maana jana nilikasirika. Sasa tuje kwenye hoja.

HOJA YA KWANZA: KUKATA SPRINGI SIO KUSHUSHA GARI, NI KUUA SPRINGI

Mlisoma Sheria ya Hooke O-level, msijifanye mmesahau. Springi inajikunja kulingana na nguvu unayoiwekea. Ugumu wake unategemea unene wa waya, upana wa duara na IDADI YA MIZUNGUKO. Mizunguko ikipungua, ugumu unapanda. Springi ya mizunguko 6 ukikata 1, imebaki 5, imekuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20. Kwa hiyo fundi hakukushushia gari tu, amekufungia springi nyingine ambayo hakuna mtu aliyeipima.

Ugumu peke yake ungevumilika, kama isingekuwa nafasi. Tuchukue mfano. Tuseme tairi lako lilikuwa na nafasi ya kupanda sentimita 8 kabla ya kugota kwenye ile raba ya kugotea. Umeshusha gari sentimita 5. Umebaki na 3. Sasa piga hesabu ya nishati, nusu ya ugumu mara umbali mara umbali. Mwanzo: 8 mara 8 ni 64. Sasa: 3 mara 3 ni 9, zidisha kwa 1.2 ya ugumu mpya unapata kama 11. Gawa 11 kwa 64. Gari yako sasa inameza kama SEHEMU MOJA YA SITA ya kishindo ilichokuwa inameza kabla ya kugota. Hizo sehemu tano zilizobaki zinaenda wapi? Zinaenda kwenye bodi, kwenye boljointi, kwenye rimu, na kwenye mgongo wa mama.

Na bado. Springi ya kiwandani mwisho wake umetengenezwa ukae sawasawa kwenye kikombe chake. Ukikata kwa grenda, mwisho ule unakaa upande. Tena imekuwa fupi, kwa hiyo tairi likining'inia kwenye shimo refu springi inalegea na inaweza kuhama mahali pake. Moto wa gesi ndio mbaya kabisa, kuna mafundi wanachemsha springi mpaka iwe nyekundu ikae yenyewe chini. Chuma kile kilipewa ugumu wake kwa joto lililopimwa. Ukikichemsha hovyo umekiharibu. Kinaweza kukatika siku yoyote, na siku yenyewe hakikuambii.

Halafu pembe za tairi. Mikono ya Mark II imepangwa ifanye kazi kwenye kimo fulani. Ukishusha, tairi zinalala ndani, zinaliwa upande mmoja. Kaka alimaliza tairi mbili za nyuma kwa miezi minne, nje zinaonekana mpya, ndani nyuzi zipo nje. Ukishangaa tairi imepasuka Ushirombo saa 3 usiku, unasema umerogwa. Hakuna aliyekuroga.

HOJA YA PILI: NA NYIE MNAONYANYUA, MSICHEKE

Nawaona mnacheka, wenye michomoko na Probox zenu na IST. Mnasema sisi hatushushi, sisi tunanyanyua, sisi tuna akili. Ngojeni zamu yenu.

Kuweka spesa juu ya springi, iwe ya alumini, iwe ile raba iliyokatwa kwenye tairi la lori, hakukuongezei hata sentimita moja ya mwendo wa tairi. Shokapu ni ile ile, urefu ule ule. Umeinua bodi, kwa hiyo shokapu imeshavutwa nusu kabla hujaondoka nyumbani. Ukiingia shimoni inafika mwisho wake, inagonga "tak!" kwa juu. Boljointi inakaa kwa pembe ambayo haikuumbiwa. Na uzito wote umepanda juu. Fizikia tena: kadiri kitovu cha uzito kinavyopanda, ndivyo gari inavyoegemea zaidi tairi za nje kwenye kona. Sasa chukua gari ndogo iliyotengenezwa kwa watu 5, weka 8 au 9 pamoja na mbuzi kwenye buti, magunia juu, spesa chini, halafu kata kona ya kukwepa ng'ombe. Sihitaji kumalizia sentensi.

Sisemi spesa ndogo ni dhambi. Nasema ukiinua, badilisha na shokapu ziwe za urefu wa kimo kipya, na upime pembe za tairi. Kama huna hela ya hivyo viwili, hela ya spesa kanunue bushi.

HOJA YA TATU: GARI YAKO SIO MKONGA WA MGODINI

Hili ni gonjwa la kwetu hasa, Geita na Kahama. Tunaona Landcruiser za migodini, zile mkonga, zinapita kwenye makorongo ya Bulyanhulu na Geita kama hakuna kitu, tunadhani siri ni UGUMU. Kwa hiyo mtu anaenda kutafuta springi nzito kuliko zote anafunga kwenye gari ya kutembelea.

Zile gari nyuma zina majani ya springi mazito kwa sababu zinabeba mzigo kila siku, watu na vifaa na mafuta. Jaribu kupanda moja ikiwa tupu kwenye barabara ya rasta, utaniambia habari ya figo zako. Springi inachaguliwa kwa UZITO UTAKAOBEBA. Ngumu kuliko mzigo, tairi linaruka, halishiki chini. Na tairi lisiloshika chini halipigi breki na halikati kona.

Hata hao Wamarekani tunaowaiga, gari zao za misuli za miaka ya 60 nyingi zilitoka na majani ya springi nyuma kama pikapu, na leo wenyewe wanabishana usiku na mchana wafunge nini. Lakini mwenye akili kati yao swali lake la kwanza ni moja: gari hii inaenda wapi? Ya mashindano ya kunyooka inapewa kitu kingine, ya kona kitu kingine, ya kwenda kanisani Jumapili kitu kingine. Sisi swali letu la kwanza ni "itaonekanaje kwenye picha?"

MNACHONIJIBU

"Mbona Wajapani wanashusha?" Wanashusha, ndio. Wanafunga koilova, springi na shokapu vimetengenezwa pamoja, kimo kinarekebishwa kwa nati, na wanaenda kwenye uwanja wenye lami kama kioo. Wewe unatoka Katoro kwenda Nyarugusu. Leta lami kwanza.

"Ni hela yangu na gari yangu." Hapa ndipo tunagombana kabisa. Gari ikibeba mtu mwingine sio yako peke yako tena. Ukiwa barabarani na kuna mtoto anavuka na breki yako inategemea tairi linaloruka, sio yako peke yako. Hii Sheria ya Usalama Barabarani tunayo tangu 1973, haikutungwa kwa ajili ya kuwapa trafiki hela ya chai kama mnavyosema, inatudai gari iliyo salama njiani kwa sababu njia ni ya wote.

"Vifaa vizuri ni ghali." Hii ndiyo hoja pekee ninayoiheshimu, maana natoka nyumba isiyo na hela. Lakini angalieni hesabu ya kaka. Rimu za inchi 18, milioni moja na laki 4. Tairi zake, zaidi ya laki 8. Muziki kwenye buti, laki 6. Kukata springi, elfu 40. Kwa hiyo hela ilikuwepo! Kilichokosekana ni heshima kwa kile kisichoonekana. Shokapu haionekani kwenye picha. Bushi haipigiwi makofi.

"Wewe mwanamke unajuaje?" Huyu simjibu. Akasome.

SASA TUFANYEJE?

Nisije nikawa wa kulaumu tu. Januari nilikaa siku nne gereji na kaka, na mzee mmoja fundi wa Shinyanga mjini, mtu wa zamani, mikono yake imejaa makovu. Alinifundisha kuliko nilivyofundishwa semista nzima. Mpangilio wake ni huu, na ukitafakari unaona una mantiki:

1. Anza na raba na vyuma vidogo. Bushi za mikono, boljointi, linki za stabilaiza. GX100 changa kabisa sasa ina zaidi ya miaka 20. Raba ya miaka 20 imekufa hata kama gari haikutembea. Wengi wanasema "gari yangu inayumba, nataka springi za spoti", kumbe bushi zimeoza. Badilisha bushi kwanza, utashangaa gari imerudi.

Na siri hapa, ishikeni: bolti za bushi zisikazwe kabisa gari ikiwa inaning'inia kwenye jeki! Raba inashikwa kwenye pembe ya kuning'inia, ukishusha gari inajisokota, inachanika ndani ya miezi michache. Legeza, shusha gari ikae kwa uzito wake, NDIPO ukaze. Mzee alisema mafundi wengi wanajua hili ila wanafanya haraka. Simama pale. Usiende kunywa soda.

2. Kisha shokapu. Jaribio la bure: bonyeza kona ya gari kwa nguvu, achia. Ikipanda na kutulia, nzima. Ikicheza mara tatu nne, imekufa. Ikivuja oili, imekufa. Nunua jozi, mbili za mbele au mbili za nyuma pamoja, kamwe usibadilishe moja.

Kwa barabara zetu za rasta tafuta zenye gesi. Sababu: kazi ya shokapu ni kugeuza mrusho kuwa joto. Kwenye rasta ndefu oili inachemka na kutoa povu, na povu halizuii kitu. Gesi yenye shinikizo inazuia lile povu. Kama ni KYB, wengine wanaita Kayaba, au kampuni nyingine ya heshima, sawa, ila feki ni nyingi, nunua kwa mtu atakayekupa risiti na ambaye utamkuta kesho.

Na shokapu za mtumba, HAPANA. Shokapu iliyotolewa kwenye GX100 iliyokufa Japani ina umri sawa na wako. Oili na raba zake zimezeeka.

3. Springi ndio za mwisho. Na hapa mtumba RUKSA, kwa sababu chuma kizuri hakizeeki kama raba. Tafuta za gari ile ile, injini ile ile, zisiwe na ufa wala kutu ya kula, zipime urefu kulia na kushoto zilingane. Kama unabeba mzigo mara kwa mara, tafuta zenye ugumu kidogo zaidi ya za kiwandani, kidogo, sio za lori. Ukitaka kushusha kwa sababu moyo wako hautatulia bila kushusha, basi nunua springi fupi zilizotengenezwa fupi, sentimita 2 hivi, na uache raba ya kugotea mahali pake. Na usihamie Rwamgasa.

4. Tairi zenye nyama. Tairi yenyewe ni springi ya kwanza kukutana na jiwe. Rimu ya 15 na tairi nene kwa barabara zetu inashinda 18 kila siku ya wiki.

5. Pima alaimenti ukimaliza. Ukishagusa mikono bila kupima, umetupa tairi.

Kaka alifuata. Rimu za 18 ziliuzwa kwa kijana mmoja wa Katoro (Mungu amsaidie). Hela ile ikanunua bushi zote, boljointi 4, shokapu 4 mpya, springi za mtumba za kiwandani na tairi 4 za inchi 15, na chenji ikabaki. Gari imerudi kusimama "kama mbuzi". Mbuzi anapita kila mahali, jamani. Mmewahi kumwona mbuzi amekwama?

Mama anarudi kliniki Mwanza mwezi ujao. Kaka amempigia simu mara tatu kumwambia gari imepona. Mama anamjibu "sawa baba", halafu akinipigia mimi ananiuliza kwa sauti ya chini nauli ya basi siku hizi shilingi ngapi. Kaka hajui hilo. Sasa ndugu zangu, shokapu zinapatikana dukani, lakini imani ya mtu aliyekwishashuka kwenye gari yako akatembea na mshono mgongoni unainunua duka gani?

Ndio maana namwambia yule jamaa wa Chaser ya baba yake, na najua atasoma hapa: usikate. Likizo hii kabla ya kwenda kwa fundi, mkalishe mama yako siti ya nyuma, sio mbele, NYUMA, muendeshe kutoka lami mpaka mlangoni kwenu. Umsikilize. Akifika anacheka, gari yako haina tatizo, iache. Asipocheka, unajua pa kuanzia, na sio kwenye grenda.

Na nyie wa kibanda cha chipsi, kesho saa 10 jioni nitakuwepo pale pale. Nitakuja na springi ya peni na rula. Mwenye hoja alete hoja, mwenye kicheko abaki nacho hosteli.

Naomba kuwasilisha. Nina test ya calculus saa 2 asubuhi na sijafungua daftari. Mniombee.